Betri za kuchaji kwa flashi za chini ya maji

Kaka, umeuliza uweke betri gani za kuchaji kwenye flashi zako mbili kabla hujashuka pwani, Watamu, kupiga picha majini. Chukua NiMH (za nikeli, za kuchaji) za AA zinazotunza chaji, zenye 1,900 hadi 2,000 mAh, yaani kipimo cha umeme unaohifadhiwa ndani. Za 2,500 zinakupa picha zaidi kwa kila kuchaji, ila huchakaa mapema. Alikali, zile za kawaida zisizochajiwa, ziache kabisa, flashi itachelewa kujaa na samaki ashaenda.

Ukizunguka maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, ukakuta AA ya NiMH imeandikwa 3,600 mAh, usiiguse, haiwezi kufika huko. Ipime kwenye mizani: nzuri huwa na gramu 26 hadi 30. Ikiwa na 15, ndani hamna kitu.

Kosa kubwa ni kuchanganya betri za seti tofauti. Ziandike kwa kalamu ya maka, A1 hadi A4 za flashi moja, B1 hadi B4 za nyingine, na kila seti ichajiwe wakati mmoja, itumike pamoja, izeeke pamoja. Moja ikiisha mapema, zile tatu huisukumia umeme kinyume, inachemka na kutoa haidrojeni ndani ya flashi iliyofungwa kabisa. Hapo mfuniko unaweza kuruka, tena usoni mwako! Ndiyo maana chaja lazima iwe ya kuchaji kila betri peke yake, kwa 500 hadi 1,000 mA.

Flashi ikianza kuchelewa kujaa, acha kupiga. Ukitoka majini, futa chumvi, kausha, kisha fungua taratibu ukielekeza mfuniko pembeni. Unywele mmoja kwenye mpira wa kuzuia maji unatosha kuivujisha flashi, kwa hiyo ukague kwa tochi kila unapofunga.