Kipimo cha damu cha minyoo ya ini: mtafute kwanza ng'ombe asiyeugua

Kwa mnaoanza kutengeneza kipimo hiki, kinachotafuta kwenye damu kingamwili (protini za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya minyoo), ugumu hauko kwenye mashine. Uko kwenye kupata damu ya ng'ombe ambaye una hakika hajawahi kuambukizwa. Kanda ya Ziwa ng'ombe huyo ni adimu. Mifugo ya Magu na Misungwi hunywa ziwani na kulishwa kwenye majaruba baada ya mpunga kuvunwa, na huko ndiko waliko konokono wanaoeneza Fasciola gigantica, yaani mnyoo wa ini.

Kinyesi kisicho na mayai hakitoshi kuwa ushahidi. Mayai huonekana miezi mitatu au zaidi baada ya maambukizi, ilhali kingamwili hujitokeza ndani ya wiki chache. Ukimweka ng'ombe wa namna hiyo, mwenye kingamwili lakini bado hana mayai, kwenye kundi la wazima, kiwango cha kutenganisha mzima na mgonjwa kitapanda na kipimo kitawaruka wagonjwa. Ndama anayenyonya naye ana kingamwili za mama yake. Mtoe damu kabla hajaonja dang'a, kisha anyonyeshwe papo hapo, maana anaihitaji kuliko sisi tunavyoihitaji damu yake. Ongeza ng'ombe wazima wa maeneo makavu, na wengine wenye kichocho cha ng'ombe au minyoo ya tumbo kubwa, kwa sababu kingamwili zao zinaweza kunasa kwenye antijeni yako, yaani protini za mnyoo zinazotumika kunasa kingamwili.

Wagonjwa utawapata machinjioni. Namba iwe moja kwenye chupa ya damu na kwenye ini. Maini hurundikwa mezani upesi sana, kwa hiyo mtu mmoja asibanduke kwenye ini tangu linapotolewa hadi linapokatwa vipande vya sentimita 1 na mirija ya nyongo kukamuliwa. Minyoo hai ioshe mara kadhaa kwa bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yenye uchachu usiobadilika) yenye joto la nyuzi 37 hadi nyongo na damu ziishe, halafu iache humo saa chache. Bafa hiyo, pamoja na yale minyoo iliyotoa humo, ndiyo antijeni. Mnyoo aliyekufa mtoe mara moja, asije akachafua kwa protini za mwili wake.

Damu iache kivulini kwa muda wa saa 1 hadi 2 igande, bila kuitikisa. Seramu, yaani majimaji yanayojitenga na damu iliyoganda, ikiwa nyekundu, chembe zimepasuka, chukua nyingine. Igawe mililita 0.5 kwa kila kichupa kabla ya kuigandisha kwenye friza, ili usiyeyushe ile ile kila siku.

Kwenye Elisa, yaani kipimo chenyewe, ambapo antijeni iliyopakwa kwenye sahani ya vishimo hunasa kingamwili na kimeng'enya huonyesha kwa rangi, usikisie kiasi. Panga antijeni mikrogramu 0.5, 1, 2 na 4 kwa mililita upande mmoja, na seramu iliyozimuliwa 1:50 hadi 1:400 upande wa pili, kisha chagua palipo na tofauti kubwa zaidi kati ya mgonjwa na mzima. Kama kimeng'enya chako ni peroksidesi, usihifadhi bafa kwa sodiamu azaidi, kemikali ya kuzuia vijidudu. Inakiua, na sahani nzima itabaki bila rangi.

Mfugaji akiuliza kama dawa imefanya kazi, mpimie kinyesi. Kingamwili hubaki miezi mingi baada ya minyoo kufa.