Mleta mada, usichape bado hicho kitabu chako cha watoto, kile cha mtoto wa duma. Mama yake yuko wapi?

Hayo malipo ya awali ya Jumatatu usilipe. Mwambie mwenye mashine ya kuchapa umefiwa, mwambie una malaria, mwambie lolote.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Neema wa darasa la tatu, kijiji cha Simanjiro, anakuta mtoto wa duma peke yake chini ya mgunga. Anambeba kwenye kanga hadi nyumbani, anamlea kwa maziwa ya mbuzi, duma anakua, anamsindikiza shule na kufukuza wezi wa mifugo. Mwisho wa hadithi, kijiji kinashangilia. Unauliza kurasa ziwe ngapi, mnyama aongee au asiongee, mchoraji analipwaje, ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) inapatikanaje, na kama uchape nakala elfu moja kwa kuwa bei ya nakala moja inashuka. Wakuu humu wamekupa hongera kuanzia ukurasa wa kwanza wa uzi. Mimi hongera sina, nina swali. Huyo mtoto wa duma, mama yake yuko wapi?

Swali lenyewe si langu. Niliulizwa na mtoto wa darasa la nne, shule moja ya upande wa Bunda, siku niliyopeleka kitabu changu nikiwa nimevaa shati la sherehe. Kitabu chenyewe kilihusu mvulana anayeokota mtoto wa tembo mtoni. Anampeleka kwao, anamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu, wanalala chumba kimoja, na ukurasa wa mwisho anaingia shuleni amempanda mgongoni. Rangi tupu, jalada linang'aa hadi unajiona. Pikipiki yangu iko ndani ya jalada lile, maana niliiuza kulilipia.

Nikawasomea kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilipofika pale mvulana anapomkumbatia tembo nikanyamaza kidogo nisubiri makofi. Mkono ukanyooshwa. "Mama yake yuko wapi?" Nikajibu kwamba alimpoteza. Sauti ikatoka nyuma, bila hata kunyoosha mkono: "Tembo hampotezi mtoto." Wa tatu akaanza kusimulia jinsi tembo walivyoingia shamba la bibi yake, mahindi yakaisha usiku mmoja, watu wakapiga madebe mpaka asubuhi. Darasa zima likageuza shingo kumsikiliza. Hadithi yake ilikuwa tamu kuliko yangu na haikuwa na mchoro hata mmoja.

Sasa ngoja, haijaisha. Kati ya wazazi walioalikwa alikuwepo mzee aliyestaafu uaskari wanyamapori. Akafungua kitabu polepole kama anakagua mzigo kizuizini, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, baba wa huyu kijana alikuwa na kibali?" Maana kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 mnyama wa porini si wa aliyemwokota. Ukikaa naye bila kibali, unaitwa mahakamani. Mzee akasema kitabu changu ni maelezo ya mshitakiwa, tena yenye picha. Walimu walicheka. Mimi pia nilicheka, ungefanyaje?

Niliporudi nyumbani ndipo nikaanza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuandika. Tembo hubeba mimba takriban miezi 22. Mtoto huzaliwa na kilo zipatazo mia, kwa hiyo yule mvulana wangu aliyembeba begani alikuwa bingwa wa kunyanyua vyuma. Kundi la tembo ni mama, shangazi, dada na bibi, wote wanamlinda mtoto mmoja. Ukimkuta mtoto peke yake, jambo baya limetokea. Mama ameuawa, au mtoto ametumbukia kisimani au amenasa kwenye tope na kundi limeshindwa kumtoa. Hilo jambo baya ndilo hadithi yenyewe, na mimi nililiruka kwa neno moja: "alipotea".

Na yale maziwa ya ng'ombe! Mkuu, yale maziwa yangemuua. Mtoto mchanga wa tembo hawezi kumeng'enya mafuta ya maziwa hayo. Daphne Sheldrick, huko Kenya, alihangaika miaka mingi na watoto wa tembo waliokuwa wakifia mikononi mwake, hadi akapata mchanganyiko wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga na mafuta ya nazi. Hata maziwa yalipopatikana mambo hayakuisha. Alimlea katembo kaitwako Aisha, kakamzoea yeye peke yake. Mwaka 1974 akasafiri siku chache kwenda harusi ya binti yake, Aisha akagoma kula, akafa. Tangu hapo kituo cha mayatima wa tembo pale Nairobi hubadilisha walezi kila mara. Wanalala na mtoto usiku, wanamtundikia blanketi alisukumie mkonga kana kwamba ni tumbo la mama, lakini haruhusiwi kumganda mtu mmoja. Hebu fikiria. Mapenzi yale yale niliyoyapamba kwa wino wa rangi nne ndiyo yaliyomuua Aisha. Hapo palikuwa na kitabu, mimi nikaandika kalenda.

Aliyenipoteza ni kocha mmoja wa uandishi, jina namstahi. Nilimlipa ada ya semina na chai nikanunua mwenyewe. Akatuambia: "Watoto hawajali ukweli, wape hisia. Mnyama ni mwanasesere mwenye miguu." Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari. Nikamwuliza kama niende kwanza maeneo yenye tembo, akasema hiyo ni kazi ya watafiti. Huyo bwana nadhani tembo amemwona kwenye noti tu. Mchoraji aliyenitafutia naye alinichorea tembo mwenye masikio madogo, tembo wa Asia kabisa, kamnakili mtandaoni. Watoto wa Bunda waliliona hilo kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Mwenye mashine naye alinipigia hesabu hiyo hiyo unayopigiwa wewe. Ndiyo, ukichapa nyingi bei ya nakala inashuka. Ila zisiponunuliwa, kila nakala uliyookoa hela ndiyo inayokaa uvunguni kwako. Msomaji wangu mwaminifu leo ni mama muuza karanga wa mtaani. Anachukua kwa kilo, na sura ya tatu inakunjika vizuri kuliko zote.

Turudi kwa Neema. Duma jike hulea peke yake, dume hana habari. Anapokwenda kuwinda huwaficha watoto kwenye nyasi ndefu au kichakani, na huwahamisha mara kwa mara ili simba na fisi wasiwagundue. Kwa hiyo mtoto wa duma "aliyeachwa" chini ya mgunga mara nyingi hajaachwa. Mama kaenda kutafuta swala na anarudi. Neema hajaokoa mtu, ameiba mtoto. Watoto wa duma huchukuliwa hivyo hivyo Pembe ya Afrika, huvushwa bahari kupelekwa nchi za Ghuba wakawe mapambo ya matajiri, na wengi hufa kabla hawajakua. Hali ilifikia Falme za Kiarabu kupitisha sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama wa namna hiyo. Mlanguzi akikisoma kitabu chako ataomba nakala za kugawa.

Halafu yule duma wa kufukuza wezi wa mifugo, wapi na wapi? Duma hangurumi kama simba, akiwaita wanawe hutoa sauti kama ndege. Fisi humpora nyama aliyoiwinda kwa jasho lake naye anaondoka. Na mtoto hukaa na mama yapata mwaka mmoja na nusu akijifunza kuwinda. Kwa Neema atajifunzia wapi, kwa mbuzi wa jirani?

Tazama waliojibu swali la mama. Marjorie Kinnan Rawlings aliandika The Yearling, riwaya ya Florida iliyotoka mwaka 1938. Baba anaumwa na nyoka porini, anampiga risasi paa jike ili atumie ini lake kunyonya sumu. Mtoto wa yule paa anabaki amesimama. Mvulana, Jody, anasema hatuwezi kumwacha, tumemuulia mama yake. Umeona? Urafiki unaanza na deni. Baadaye yule paa anakua, anamaliza mahindi ya familia ambayo ndiyo chakula chao, na mwisho wake wasomaji hawausahau. Mahindi, mkuu! Kile kile alichokisema mtoto wa Bunda.

Hata Elsa, simba wa kweli wa Kenya anayesimuliwa kwenye kitabu cha Born Free, habari yake inaanza mwaka 1956 ofisa wanyamapori George Adamson alipompiga risasi simba jike kisha akagundua ana watoto watatu. Hakuna aliyesema "alipotea".

Basi kaa chini uamue duma jike kafanywa nini. Kanaswa na tanzi la waya lililotegewa swala? Kagongwa na lori usiku? Aliyetega tanzi ni nani, mjomba wake Neema? Au bora zaidi, hajafa kabisa. Neema anajua kichaka walipofichwa, anakwenda kuangalia kwa mbali, anawapotosha mbwa na wachungaji wasipite pale, hamwambii mtu. Siku moja anafika, kichaka kitupu, mama kawahamisha. Urafiki wa upande mmoja huo, duma mwenyewe hana habari nao. Mimi ningenunua kitabu hicho kwa hela ya karanga.

Kuongea asiongee. Sungura wa ngano anaongea tangu babu zetu na hakuna anayemwuliza mama yake, kwa sababu kila mtu anajua ni mchezo. Wewe umetaja Simanjiro, umetaja mbuzi na darasa la tatu, umeshaingia kwenye dunia yenye askari wanyamapori. Kurasa fanya 32, mashine hupenda mafungu ya nane na kumi na sita. Kabla ya kuchapa, toa nakala chache za karatasi ya kawaida, nenda Simanjiro kwenyewe, wape watoto wa wafugaji wasome mbele yako, halafu nyamaza. Lipia nauli hiyo kabla hujamlipa mchoraji hata mia.

Rasimu ukishairekebisha ibandike humu humu kwenye uzi, tuone duma jike umempeleka wapi.