Swali la Lugha: Katika «tuhuma dhidi ya», nani ndiye mtuhumiwa?

Msomaji wetu wa Mombasa, ambaye hutafsiri habari za kimataifa, anauliza: «Habari yangu kuhusu kura ya California ya mwaka 2021 niliipa kichwa "Tuhuma za ubaguzi wa rangi dhidi ya Larry Elder zapamba moto". Mhariri alielewa kwamba Elder ndiye mbaguzi, ilhali nilikusudia kwamba ndiye aliyebaguliwa. Nani amekosea? Na je, "mhafidhina" ni neno linalomfaa mwanasiasa kama huyo?»

Mhariri hakukosea, na sarufi ya kichwa hicho ni sahihi. Tatizo ni kwamba maneno «dhidi ya Elder» yanaweza kushikamana na «tuhuma», Elder akawa mtuhumiwa, au yakashikamana na «ubaguzi», akawa aliyetendewa. Kisa chenyewe kinazidisha utata huo, kwa kuwa kila upande uliunyooshea mwingine kidole. Elder, mtangazaji wa redio na Mmarekani mweusi wa chama cha Republican, alikuwa akiwania nafasi ya Gavana Gavin Newsom katika kura ya kuamua kama gavana huyo aondolewe madarakani. Mwezi Agosti gazeti la Los Angeles Times lilichapisha safu ya maoni ambayo kichwa chake kilimwita sura nyeusi ya itikadi ya ubora wa watu weupe. Watetezi wake wakalijia juu gazeti, wakisema kwamba kumwandika hivyo ndio ubaguzi wenyewe. Lakini mwandishi wa safu hiyo naye ni mweusi, na alichokuwa akikishambulia ni misimamo ya Elder.

Kihusishi «za» nacho hakina nafuu. Mwaka 1991, Clarence Thomas, naye Mmarekani mweusi, alipokuwa akihojiwa na kamati ya Seneti kabla ya kuthibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, Anita Hill alimtuhumu kwa unyanyasaji wa kijinsia, naye akajibu kwamba kikao kile kilikuwa kinamwangamiza kama weusi walivyokuwa wakinyongwa na makundi ya watu zamani. Mtu akiandika «tuhuma za Thomas», anasema zipi: alizotoa au alizotupiwa?

Ushauri wangu ni kuziacha nomino kama «tuhuma» na «ubaguzi» na kukitumia kitenzi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa pamoja. Tuitazame sentensi hii: «Watetezi wa Elder walilituhumu gazeti kwamba limembagua.» Katika «walilituhumu», «wa-» ni watetezi, na «-li-» ya pili, ile inayofuata ya wakati uliopita, ni gazeti, katika «limembagua», «li-» ni gazeti na «-m-» ni Elder. Kwa kichwa cha habari inatosha kuandika «Watetezi wa Elder: Gazeti limembagua», ambacho, kwa bahati nzuri, ni kifupi kuliko kile cha kwanza.

Ukichagua kitenzi, chagua kwa uangalifu. Kutuhumu ni kumdhania mtu kosa ambalo halijathibitishwa. Kushutumu ni kumlaumu kwa ukali kwa jambo ambalo msemaji analichukua kuwa limetendeka. Seneta Tim Scott wa South Carolina, naye mweusi, baada ya kuijibu hotuba ya Rais Biden kwa niaba ya Republican mwezi Aprili 2021, alipachikwa kwenye Twitter jina la kumfananisha na mtumwa anayejipendekeza kwa bwana wake. Huyo hakutuhumiwa wala hakushutumiwa. Alikejeliwa, na anayeandika «alituhumiwa» analipa tusi heshima ya hoja.

Kuhusu «mhafidhina», neno ni sahihi, ila lina mazoea yake. Katika siasa za Tanzania, wahafidhina mara nyingi ni wale wakongwe wa chama wasiotaka mageuzi, na msomaji aliyezoea hivyo atamdhania Elder kuwa mzee wa chama, ilhali yeye hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Kwa hiyo mara ya kwanza andika «mhafidhina wa chama cha Republican», kisha utaje anachokitetea, kwa mfano kupunguza kodi na kupunguza mkono wa serikali katika uchumi. Baada ya hapo «mhafidhina» peke yake litatosha.