Kulala ndani ya kreta ya Menengai: kabla hujauliza bei ya hema

Ndugu wa Kisumu, umesema unataka kuja Nakuru ulale usiku mmoja ndani ya Menengai, lile shimo kubwa la volkeno, peke yako, na umeuliza mambo mawili: ununue hema gani, na kama kuna wanyama wakali. Wenzangu wamekujibu kuhusu hema mpaka wakagombana. Kuhusu maji hakuna aliyegusia, na mimi maji ndiyo yaliyonitoa jasho kule chini, kama jasho lilikuwa limebaki.

Ilikuwa Januari 2010. Mimi na binamu yangu tumezaliwa hapa mjini, tumekua tukiuona mlima wa Menengai kila asubuhi, kwa hiyo tulijihesabu wenyeji. Tulibeba mkate, blanketi moja, karatasi ya nailoni ya kufunikia tukinyeshewa, na chupa ya maji ya lita mbili. Lita mbili, watu wawili. Saa nne asubuhi tukawa ukingoni, mita 2,278 juu ya bahari. Chini kabisa tuliona mvuke mweupe ukipanda, tukaambiana ni mwendo wa saa moja.

Kreta hiyo ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na ukuta wake mahali pengine unashuka karibu nusu kilomita. Wakati ule ukiwa juu hukuona ukubwa huo, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupimia: hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mtu. Uliona tu bakuli lenye vichaka na mabaka meusi. Yale mabaka meusi ndiyo kazi yenyewe. Ni mawe ya volkeno yaliyotiririka yakaganda hovyo, yamerundikana, ncha zake kama chupa iliyovunjwa, na katikati kuna mashimo yaliyozibwa na nyasi. Hupiti moja kwa moja. Unapanda rundo, unashuka, unazunguka, ukiinua kichwa mvuke umehamia upande mwingine. Binamu yangu alivaa akala, zile ndala za matairi. Kufika saa saba kamba moja ilikuwa imekatika, akawa anatembea kama kuku aliyefungwa mguu.

Jua la mchana likipiga mawe yale meusi, joto linakurudia kutoka chini. Saa tisa chupa ilikuwa tupu. Hakukuwa na mto kule, wala kisima cha maji. Mvua ikinyesha inamezwa na nyufa.

Tulifika kwenye mvuke jioni, miguu inatetemeka, na kupanda ule ukuta tena haikuwezekana. Hapo ndipo binamu, ambaye nilikuwa nimemlaani njia nzima kwa ajili ya akala zake, aliponiokoa. Alikumbuka kwamba watu wa Eburru, kule upande wa Naivasha ambako mito ni shida, hupoza mvuke wa ardhini wakapata maji. Tukatandaza ile nailoni juu ya ufa, tukaiinamisha upande mmoja, tukakinga chupa. Tone, tone. Usiku mzima tulipata kama vikombe viwili, vyenye ladha ya mayai viza. Sikushauri uige, maana hujui mvuke wa ufa gani umebeba nini. Sisi tulikunywa kwa sababu ya kiu, si kwa sababu ya akili.

Na usilale karibu na nyufa hizo. Tulijibanza pale kwa sababu ya baridi, maana mbingu ikiwa wazi joto lote la mchana hutoroka, na upande mmoja wa mwili unaiva huku mwingine unaganda. Lakini ile harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa. Ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na mapangoni, na ikizidi, pua huacha kuisikia. Kwa hiyo harufu ikikata ghafla usishangilie, ondoka uende mahali palipoinuka. Hilo sisi tulikuja kuambiwa baadaye. Usiku ule tulihama tu kwa sababu macho yalikuwa yanawasha. Tulikata majani ya kichaka cha leleshwa tukayatandika, na hicho ndicho kitu pekee tulichofanya kama watu wa porini.

Wanyama? Nilisikia nyani, na kilio fulani ambacho nadhani kilikuwa cha pimbi. Kilichonitisha zaidi ni hadithi. Wagikuyu huuita mlima huo Kirima kia Ngoma, kilima cha mizimu, na wazee husimulia vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, walioshindwa wakatupwa humo. Mvuke, wanasema, ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda. Mchana nilizicheka hadithi hizo. Saa nane usiku, na mwangaza wa simu ya mulika mwizi tu, sikucheka.

Alfajiri tulisikia kengele za mbuzi. Mzee mmoja akatutazama, akatazama ule mguu wa binamu, akatupatia jerikeni yake tunywe kabla ya kutusalimu. Tulipomaliza ndipo akauliza, "Sisi tunashuka kukipambazuka, jua likipanda tumetoka. Nyinyi mlikuja saa ya jua kufanya nini, wanangu?" Hatukuwa na jibu. Alitupeleka kwa njia ya mbuzi, na njia hiyo haikukanyaga jiwe jeusi hata moja.

Tangu 2011 walipoanza kuchimba visima vya mvuke kuna barabara za malori humo ndani, na ni rahisi zaidi kujua uko wapi. Jua halijapungua. Beba lita tano zako mwenyewe, buti za soli ngumu, koti zito la mitumba. Hema lolote litafaa, ila vigingi vyake havitaingia kwenye mawe yale, kwa hiyo njoo na kamba ndefu uzifunge kwenye mawe makubwa. Mwachie bodaboda atakayekupandisha jina lako na saa ya kurudi. Na safari hii ya kwanza lala ukingoni, ambako ukishindwa unateremka mjini kwa miguu, halafu chini ushuke kesho yake na mtu wa pale anayechunga.

Peke yako hapana. Ukikosa mtu, andika hapa hapa siku utakayokuja. Nitakusindikiza, lakini tunaanza kushuka saa kumi na mbili asubuhi.