Namwombea mwanangu kazi, au naomba mawifi wanyamaze?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Katika jumuiya yetu mara nyingi mimi ndiye ninayeambiwa nifunge kwa sala. Nikiomba, watu wanaitikia "amina", "ndiyo Bwana", nami najisikia vizuri mno. Nikiwa peke yangu chumbani, dakika mbili nimemaliza na usingizi umenichukua. Tena mwanangu amefanya usaili wa kazi. Namwombea kila siku, ila nikijichunguza naona nataka aipate ili mawifi zangu wafunge midomo, maana wamemsema sana. Je, Mungu anasikia sala kama hii? Au niache kwanza kuomba mpaka moyo wangu utakate?

JIBU: Amina, mama. Nianze na hilo la mwisho: usiache. Huo moyo utatakatia wapi, kama si hapo hapo magotini?

Sasa tuje kwa mwanao. Tukimtaja Hana wa 1 Samweli 1, wengi tunamkumbuka mama aliyelilia mtoto, na Penina tunamruka. Biblia haimruki. Inasema mke mwenzake huyo alikuwa akimchokoza sana ili kumsikitisha, na kila mwaka wakipanda kwenda Shilo kutoa dhabihu mambo yalikuwa yale yale: Hana analia, chakula hakipiti. Basi siku aliyosimama kumwomba Bwana, Penina naye alikuwamo ndani ya ombi. Akishamkabidhi mwanawe Samweli hekaluni, sikiliza anavyoimba mwanzo wa sura ya 2: "Kinywa changu kimepanuka juu ya adui zangu." Adui gani, katika nyumba ya mumewe Elkana? Wapo wafasiri wanaosema wimbo ule unasemea taifa zima, wala sibishani nao. Ila mwanamke aliyechokozwa miaka yote hiyo akisema "adui", mimi namsikia Penina.

Na Bwana hakumrudisha nyumbani akajisafishe kwanza. Alipokea yote pamoja, machozi na kinyongo. Hana mwenyewe alimweleza kuhani Eli, "nimemimina roho yangu mbele za BWANA", na anayemimina hachuji. Lakini angalia jambo jingine: kile alichokiomba alikiachia palepale, akaweka nadhiri kwamba mtoto akizaliwa atakuwa wa Bwana. Kisha akaenda zake, akala, uso wake haukukunjamana tena. Mimba ilikuwa bado haijaingia.

Kwa hiyo jipime hivi. Tuseme mwanao amepata kazi, lakini mbali, huko ambako mawifi hawatauona mshahara wake wala kusikia cheo chake. Utashukuru vile vile? Ukisita kidogo, hapo ndipo pa kushughulikia, na njia yake ni kumwambia Mungu waziwazi: "Bwana, mpe kijana wangu kazi. Tena unajua nataka kumkomesha wifi yangu. Na hilo nimelileta." Yakobo 4:3 anaonya kweli kwamba tunaomba vibaya ili tuvitumie kwa tamaa zetu, na kutaka kumkomesha mtu ni tamaa, nisikufiche. Ila hakusema tamaa ifichwe ili ombi lionekane safi. Mbele ya nani?

La jumuiya ni gumu zaidi, nami nalijua kwa ndani. Nikiwa mwinjilisti kijana nilipewa kuomba kaburini, na siku hiyo kiongozi wangu wa kanisa alikuwapo. Niliomba nikapita Mwanzo, nikapita Kutoka, nikafika kwa manabii. Nilipofumbua macho niliona vijana wawili waliochimba kaburi wameegemea makoleo yao, mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho ninalolikumbuka mpaka leo. Mjane alikuwa ameketi juani. Kiongozi alinisifu, na nikalala nikiwa na furaha.

Yesu anasema watu wa namna yangu "wamekwisha kupata thawabu yao" (Mathayo 6:5). Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo waliloandika watu wa zama zile kwenye stakabadhi za malipo: nimepokea, sidai tena. Zimepatikana nyingi za hivyo huko Misri, kwenye mafunjo, yaani karatasi zao za kale za matete. Mimi nililipwa siku ile, risiti ikakatwa, na mjane hakupata kitu.

Lakini usikimbilie kukataa kuongoza. Kaburini kwa Lazaro, Yesu naye aliomba kwa sauti, na akasema wazi kwamba amenena kwa ajili ya mkutano waliosimama pale, wapate kusadiki (Yohana 11:42). Aliwafikiria wasikilizaji katikati ya sala. Tofauti ni kwamba aliwafikiria kwa haja yao. Ile "amina" ya wenzako si sumu. Ni sauti yao wakiweka mkono wao chini ya mzigo mliobeba pamoja. Kuifurahia si dhambi. Kuitafuta kwa kuongeza maneno, hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Dakika zako mbili hazinisumbui. Mistari miwili tu mbele Yesu anakataza kupayuka-payuka. Kile "chumba cha ndani" anachokitaja, kwa Kigiriki ni neno lile lile ambalo kwenye Luka 12:24 limetafsiriwa ghala, chumba cha kuwekea akiba. Ingia humo, funga mlango. Magunia hayaitikii. Sema pale sentensi moja kati ya zile ulizosema jumuiyani, uone kama bado unaimaanisha. Na moyo ukikushitaki usiku, soma 1 Yohana 3:20.

Jumuiya ijayo wakikuambia ufunge, funga. Kabla hujafumba macho, mtazame mmoja mwenye shida pale, umwombee yeye.

Na huyo kijana hukunitajia jina lake. Nitumie, nami nimtaje katika sala zangu.