Maswali na majibu: Treni, tramu na mabasi ya Ujerumani

*Nimefika Berlin juzi kusomea uuguzi. Watu wanaingia treni ya chini ya ardhi bila kuonyesha chochote. Ni bure?*

Si bure, ndugu yangu, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Hakuna geti wala konda mlangoni, lakini wakaguzi wapo. Hupanda wamevaa nguo za kawaida, na milango ikishafungwa ndipo wanapotoa vitambulisho. Asiye na tiketi hutozwa euro 60, na kujieleza kwamba wewe ni mgeni hakusaidii.

Halafu kuna hili la kugonga tiketi. Ile ya karatasi unayokata kwenye mashine ya kituoni huwa haijaanza kazi. Jukwaani kuna kisanduku chekundu au cha njano. Chomeka tiketi humo, ichapwe saa na kituo, ndipo upande. Wapo wanaotozwa faini tiketi ikiwa mkononi, wameilipia kwa hela yao, ila hawakuigonga. Inaniuma kila nikisikia. Ujue pia kwamba tiketi ya safari moja ya Berlin hudumu saa 2 kwa uelekeo mmoja. Kurudi ulikotoka unakata nyingine.

*Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inanifikisha München kutoka hapa Leipzig?*

Inakufikisha, ila kwa treni za mikoa tu, zile zinazoandikwa RE, RB na S. Ukipanda ICE, IC au EC nayo, yaani treni za masafa marefu, unahesabiwa huna tiketi. Safari itakuwa ndefu na utabadilisha treni njiani, kwa hiyo beba chakula.

Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Bei imekwenda juu, lakini kwa anayepanda tramu au basi kila siku kwenda kazini, sijaona iliyo nafuu kuliko hii, maana inafanya kazi nchi nzima. Ina jina lako, usimwazime mtu.

*Deutschlandticket niliitumia mwezi mmoja tu, mbona benki wamenikata tena?*

Kwa sababu inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uisitishe. Ukitaka iishe mwisho wa mwezi, isitishe kabla tarehe 10 ya mwezi huohuo haijapita.

*Mwanangu ana miaka 5. Namkatia tiketi?*

Hapana, mama. Chini ya miaka 6 hawalipi. Akitimiza 6, Deutschlandticket yako haimbebi.

*ICE yangu ilichelewa zaidi ya saa moja. Nina haki yoyote?*

Unayo, na tafadhali idai. Ukifika umechelewa dakika 60 au zaidi, unarudishiwa asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Wengi wetu tunaona aibu kudai au tunaogopa fomu za Kijerumani, lakini kama ulikata tiketi kwenye programu ya simu, maombi unayatuma humohumo. Una miezi 3 tangu siku ya safari.

Na ikiwa tiketi yako ni ile ya bei ya chini inayokufunga kwa treni moja, mara inapoonekana utafika umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinaondoka. Panda ICE nyingine inayoelekea huko, na upige picha ubao wa kituo unaoonyesha ucheleweshaji, mkaguzi akiuliza uwe nayo.