Tulikuwa tunahesabu hela ya dawa tu

Kama una mzazi kaanza kuuliza swali lile lile mara tano asubuhi moja, hii isome.

Mama yetu alianza hivyo tukasema uzee tu huo. Akatia chumvi kwenye chai, tukacheka. Siku alipotoka kwenda sokoni akaja kukutwa magharibi kwenye stendi ambayo hata haiko njia hiyo ndo tukashtuka kumpeleka hospitali, tukaambiwa ni dimensia, ugonjwa wa ubongo, sio uzee wala hajarogwa (waganga walishatula hela, tuyaache).

Mimi niko Dar, mdogo wangu wa kike ndo anaishi na mama Tanga. Nikawa natuma hela ya dawa kila mwezi najiona mtoto mwema. Kumbe mdogo wangu alikuwa na genge lake, nyanya vitunguu dagaa, akawa anachelewa kufungua, siku zingine hafungui kabisa, mwisho akalifunga mazima maana mama ukimwacha peke yake unakuta jiko linawaka na yeye hayupo. Hakuna aliyemlipa, na hata kumuuliza unakula nini hakuna aliyemuuliza.

Baadae nikasoma takwimu za Shirika la Afya Duniani, nikanywea. Mwaka 2019 dimensia iligharimu dunia dola trilioni 1.3, na kama nusu ya hiyo ni thamani ya kazi ya ndugu na marafiki wanaomwangalia mgonjwa, wastani wa masaa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya masaa hayo wanayabeba wanawake. Wagonjwa wenyewe ni zaidi ya milioni 55, wengi wao nchi za kipato cha chini na cha kati kama kwetu. Japani tangu 2000 wana bima ya kutunza wazee, mtu anaanza kuichangia akifika miaka 40. Sisi bima yetu ni binti aliyebaki nyumbani.

Tulichofanya, tulichukua daftari tukaandika wiki nzima nani kafanya nini saa ngapi, mpaka zile mara anazoamka usiku. Kwenye kikao nikauliza dada wa kazi angefanya yote haya kwa shilingi ngapi, kaka akaja juu, "Mtu analipwaje kumwangalia mama yake mzazi?" Mdogo wangu akamwambia, "Basi kaka njoo ukae wewe, bure." Kimyaa. Sasa hivi tunachanga, yake inatoka kwanza ndo dawa zifuate, na wikendi mbili kwa mwezi mmoja wetu anaenda kulala kule ili yeye atoke.

Mambo ya kiwanja na hela za kwenye simu yamalizeni mapema mzee akiwa bado anaelewa, sisi tulichelewa, tukakuta jirani kashakopeshwa mara mbili na mama hakumbuki hata moja.

Na nyie watoto jipimeni presha, sukari, na masikio pia. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kuchelewa, na hayo matatu yamo. Yangu presha ilikuwa juu, nimeshaanza vidonge.

Genge limefunguliwa tena, Jumanne na Ijumaa tu kwa sasa.